Flashi Aliyotuma Aurica

Jumapili, 30 Novemba

Basi la Valeriu limefika saa tano asubuhi, limejaa matope mpaka madirishani. Wanawake wote tulikuwa mbele ya kanisa tukisubiri mizigo kutoka Italia. Mimi sina mtu Italia, huwa naenda kusikiliza umbea na kuvuta sigara yangu. Leo Valeriu akaniita mbele za watu: "Mama Zina! Leo na wewe una mzigo. Umepata mchumba Padova nini?"

Mchumba, wapi. Ni Aurica, binti wa jirani yangu Profira wa ng'ambo ya barabara. Amenitumia flashi ya kamera, ndogo, inakaa kwenye kiganja, nyepesi hata nikadhani boksi ni tupu. Ndani kulikuwa na barua. "Mama Zina, ile flashi ya marehemu Mihail ni ya kubebwa na punda. Chukua hii. Mpige mama picha humo ndani chumbani kwake, atoke vizuri. Miaka minne sijamwona. Karatasi zangu za kuishi huku zinatoka Machi. Nikivuka mpaka kabla ya hapo, sirudi tena na kazi imekwenda. Kwa hiyo mpaka Machi nitamwona kwa macho yako."

Kweli ile ya mume wangu ilikuwa na betri ya kuning'iniza begani, nzito kama ndoo ya maji, na ilikufa mwaka jana. Tangu hapo napiga picha za nje tu. Na huku kwetu majira haya nje kuna mwanga gani? Mawingu yamekalia mabomba ya moshi, umeme wanaukata saa wapendazo, na saa tisa alasiri mtu hamwoni kuku wake.

Nimeiwasha, ikalia kama mbu, kisha kitaa chekundu kikawaka. Nimefurahi kama mtoto, na sioni haya kuandika.

Jumatano, 3 Desemba

Nimempiga Profira picha. Ana miaka sabini na tisa, mapafu yamechoka, hatoki kitandani tangu mavuno ya zabibu. Ulimi lakini uko salama. "Zina, ukinitoa mbaya nitakufa nikutokee kila Jumamosi."

Nikasimama miguuni pa kitanda, flashi inamtazama usoni moja kwa moja, nikabonyeza. Akapiga kelele, "Umenipofua, mchawi wewe!" Liuba, mke wa mwanawe, akacheka mpaka akakaa chini. Ghenadie, huyo mwana mwenyewe, hakuwepo. Mwanamume huyo kazi yake ni ghala la mvinyo, asubuhi na jioni. Mama yake anakohoa ndani, yeye anaonja mapipa.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimetoka mjini kusafisha picha. Mungu wangu. Uso wa Profira mweupe kama umemwagiwa unga, macho mekundu ya sungura, mdomo wazi katikati ya neno "mchawi", na nyuma yake giza tupu, kana kwamba amechomoza kutoka kisimani. Nilitaka kuichana. Liuba akanizuia: "Aurica anasubiri. Tuma tu, mama. Bora hii kuliko hakuna."

Nikatuma.

Ijumaa, 12 Desemba

Mazishi ya mzee Haralampie, fundi wa mapipa. Watoto wake watatu wako Italia na Ureno, hakuna aliyeweza kuja, kwa hiyo niliitwa nipige picha za kuwatumia. Siku hizi ndiyo kazi yangu kubwa, kupiga picha maiti kwa ajili ya walio mbali.

Nilikuta mkwe wao mdogo ameacha kioo cha chumbani wazi, maiti yuko hatua mbili tu. Nikamfokea. "We binti, kwenu hamfi? Roho ikijiona humo haitaondoka!" Akakimbia kuleta shuka. Wasichana wa sasa, kila kitu waambiwe. Mimi mkono wangu unafunika kioo kabla kichwa hakijajua kuna msiba.

Lakini nilichotaka kuandika ni kingine. Kwenye karatasi iliyokuja na flashi kuna michoro, na mmoja unaonyesha kichwa cha flashi kimeinuliwa kutazama dari. Nikajaribu. Dari ya Haralampie ni fupi, imepakwa chokaa nyeupe. Nikafungua lenzi mpaka mwisho kwa sababu kiflashi chenyewe hakina nguvu, nikafunga kipande cha karatasi nyeupe nyuma yake kwa mpira, nikapiga. Mwanga ulipanda, ukaenea darini, ukashuka juu ya kila kitu kwa upole kama asubuhi ya Mei. Niliona chumba chote kwa nukta moja, mpaka nyufa za jiko.

Jumapili, 14 Desemba

Aurica amepiga simu kwao baada ya ibada. Nilikuwepo. Alilia. "Mama amekwisha! Mnanificha! Ule ni uso wa mtu anayekufa!" Profira akachukua simu, akamwambia kwa sauti ya kukwaruza, "Sifi. Ni Zina tu, hajui kupiga picha." Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwahidi Aurica picha nzuri kabla ya Krismasi.

Jumanne, 16 Desemba

Picha za Haralampie zimetoka. Sijawahi kupiga nzuri kama hizi, hata Mihail hakuwahi. Mzee anaonekana amepumzika baada ya kula, na kila uso nyuma yake unasomeka, mpaka taraza za taulo ukutani. Nimeziweka mezani nikazitazama mpaka ugali ukapoa.

Jumapili, 21 Desemba

Theluji. Nimesema nitakwenda kwa Profira kesho.

Jumatatu, 29 Desemba

Mazishi mawili kwa juma moja, na moja ni kijiji cha pili, nimekwenda kwa mkokoteni wa farasi. Profira nitampiga Krismasi yetu, tarehe saba, atakuwa amevaa vizuri.

Jumatano, 7 Januari

Krismasi yetu. Nimekwenda na kamera, Profira amefunga kitambaa kipya, amekaa juu ya mito akinisubiri kama bibi harusi. Nikawasha flashi. Kimya. Betri nilikuwa nimeziacha dirishani, baridi imezimaliza. Za akiba sina. Profira akanitazama. "Macho nimeyatengeneza, meno nimeyaweka. Wewe huna betri."

"Kesho, dada."

"Kesho yako naijua, Zina. Hata kuolewa ulichelewa."

Ghenadie alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na jiko, analewa polepole. Sijui Liuba anamvumilia vipi.

Jumapili, 11 Januari

Barabara ya mjini imefungwa na theluji, betri sijapata. Aurica amepiga simu. Safari hii hakulia, na ndicho kilichonitisha. "Basi la Jumapili ijayo lisiponiletea picha ya mama, napanda basi hilohilo narudi nyumbani. Karatasi na zioze." Liuba akaniangalia mimi. Kila mtu akaniangalia mimi. Wanawake wawili wa hapa walirudi kabla ya muda, mmoja kwa msiba, mwingine kwa mtoto, na wote wawili wamekwama hapa wanachuma zabibu za wengine. Aurica anajua hilo.

Jumatano, 14 Januari

Theluji bado.

Ijumaa, 16 Januari

Naandika haya nikiwa nimekaa na koti, kwa sababu sijisikii kuwasha jiko.

Barabara imefunguliwa asubuhi. Nikaenda mjini, nikanunua betri nne, nikaziweka kifuani ndani ya sidiria zisipate baridi. Kurudi, nikamkuta Eugenia mlangoni kwake, rafiki yangu wa shule. "Zina, ingia upate mvinyo wa moto, umekuwa bluu!" Nikaingia. Nusu saa. Labda zaidi ya nusu saa. Tulikuwa tunacheka.

Nilipoingia kwa Profira ilikuwa saa nane na nusu, umeme umekatwa, chumba cha kijivu. Liuba alikuwa amepiga magoti kitandani. "Sasa hivi, mama. Sasa hivi tu! Alikuwa anauliza, Zina amefika?"

Alikuwa bado na joto. Nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa ukanda. Nikavua leso yangu ya kijani kichwani, nikatupia juu ya kioo cha ukutani. Nikamwashia mshumaa mkononi mwake. Halafu ndipo nikakaa chini.

Ghenadie akaja kutoka ghalani. Alisimama mlangoni, mvinyo unamnukia. Kisha akasema, "Nampigia Aurica."

Hapa nitaandika ukweli maana daftari hili hakuna anayelisoma. Ni mimi niliyesema hapana. Liuba alikuwa analia tu, na Ghenadie alikuwa ameshashika simu.

"Ukimwambia leo," nilisema, "kesho yuko ndani ya basi. Njia ni siku tatu. Atafika mama yake ameshazikwa, na Italia imeshamfungia mlango. Atakuwa amepoteza mama na karatasi kwa mpigo mmoja. Mwache mpaka Machi. Miezi miwili tu, Ghenadie."

"Ni mama yake. Ana haki aambiwe."

"Haki italiwa na nani? Na Jumapili asipoona picha anakuja hivyohivyo!"

"Basi hakuna picha. Mwenye picha amekufa."

Mimi ndiye niliyeitazama kamera kwanza. Liuba akafuata macho yangu, akaelewa, akaziba mdomo. Ghenadie naye akaelewa. Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, akatoka nje. Nikasikia shoka. Alikuwa anapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Tulimwinua juu ya mito. Tukafungua ule ukanda wa kidevu, tukamfunga kitambaa chake kipya mpaka chini ya taya ili mdomo usifunguke. Liuba akaleta maji ya bitiruti akampaka mashavuni kwa kidole, huku anasema, "Nisamehe mama, nisamehe mama." Mshumaa tukauondoa. Mikononi tukamwekea soksi za sufu alizotumiwa na Aurica. Mtu anayelala kidogo mchana, zawadi ya binti yake mkononi.

Nikaweka betri, zimebeba joto langu. Flashi ikalia mbu wake. Nikainua kichwa cha flashi kutazama dari, nikafunga karatasi kwa mpira, nikafungua lenzi mpaka mwisho. Nilikuwa naona uso tu, chumba chote giza. Nikapiga mara tatu. Mara tatu mwanga ukashuka juu yake kwa upole uleule, na mara tatu ningeapa anapumua.

Halafu tukamlaza tena, tukamwosha, tukaanza msiba wa kweli.

Kwa msafishaji wa mjini siwezi kupeleka filamu hii. Yule bwana anajua maiti zote za wilaya na mdomo wake hauna kufuli. Itakwenda mbichi na Valeriu, Aurica ataisafishia hukohuko.

Laiti nisingeingia kwa Eugenia.

Jumapili, 18 Januari

Tumemzika saa saba. Ardhi ni chuma. Wachimbaji wawili walikata tamaa, Ghenadie akashika sururu mwenyewe akachimba mpaka mwisho, jasho linamtoka na kuganda kwenye nyusi. Hakunywa hata kwa ajili ya baridi.

Kabla ya hapo, basi liliondoka na filamu. Valeriu alivua kofia aliponipokea. "Sijui lolote, Mama Zina. Mimi ni dereva."

Kuna watu mia nne hapa, na karibu kila nyumba ina mtu Italia, wengi wao Padova hiyohiyo. Liuba amepita nyumba kwa nyumba tangu jana kuwaomba wanyamaze. Padre naye tumemwomba. Akakuna ndevu. "Uongo sitasema. Lakini mimi hakuna anayenipigia simu."

Jumatano, 21 Januari

Sijalala vizuri. Liuba ameniletea leso yangu, ameifua na kuipiga pasi.

Jumapili, 25 Januari

Aurica amepiga simu. Mimi na Liuba tuliweka masikio yote mawili kwenye simu moja. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliyeamka sasa hivi.

"Picha nimeipata. Ni nzuri sana. Mama Zina yupo hapo? Mwambie asante. Flashi imefanya kazi. Kila kitu kinaonekana."

"Umeona mashavu yake?" Liuba akauliza, mjinga yule. "Amenenepa!"

"Nimeona, wifi. Mwache apumzike. Msimwamshe kwa ajili yangu."

Akakata. Liuba akanikumbatia, akalia kwa furaha. Ghenadie alikuwa ametoka uani tangu simu ilipolia. Siku hizi ikilia tu yeye hutoka.

Nimetembea kurudi nyumbani nikijiambia nimemwokoa binti wa watu. Nimejiambia mpaka mlangoni.

Jumapili, 1 Februari

Sijui kama hili niliandike. Aurica alipiga akawa hasemi kitu, unasikia pumzi tu. Liuba akadhani ameshtuka. Akaziba simu kwa mkono, akaninong'oneza, "Kohoa! Kohoa kama yeye!" Nikakohoa. Miaka arobaini ya sigara, kikohozi ninacho. Nilikohoa kile kikohozi kirefu cha Profira chenye mluzi mwishoni, jinsi nilivyokisikia kikivuka barabara majira yote ya vuli.

Aurica akasema, "Pumzika, mama. Usihangaike. Pumzika tu."

Ghenadie alikuwa mlangoni, safari hii hakuwahi kutoka. Amesikia. Alitema mate sakafuni, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaenda zake.

Jumatatu, 2 Februari

Sikuvuta sigara leo.

Jumapili, 8 Februari

Theluji juu ya theluji. Nimeitwa kupiga picha ya maiti kijiji cha bondeni, nimesema naumwa.

Jumapili, 15 Februari

Basi limeleta mzigo wa Aurica kwa mama yake. Liuba ameufungua mbele yangu: kilo mbili za ngano nyeupe, asali, zabibu kavu, lozi, sukari laini. Basi. Hakuna kahawa safari hii, hakuna dawa ya kifua. "Huyu naye," Liuba akasema, "mama hana meno, lozi atazitafuna na nini?" Kisha akakumbuka hakuna mama, akafunika uso.

Nikasema ni bahati, arobaini inakaribia, vitu vyote vya kuchemshia ngano ya marehemu vimekuja vyenyewe. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu! Na sikufikiri zaidi ya hapo.

Jumamosi, 21 Februari

Arobaini tumeifanya leo, mapema kidogo kwa sababu ya Kwaresima. Ghenadie aliichemsha ngano mwenyewe, akaipamba kwa lozi za dada yake, akachora msalaba juu. Nilikaa karibu naye mezani. Nilimwambia nimemwona hanywi.

"Siku ile nilikuwa nimelewa," akasema. "Ningekuwa mzima ningepiga simu mbele yako na usingenizuia. Kwa hiyo."

Miaka ishirini nimemwita mlevi huyu, kwa sauti na kimoyomoyo. Yeye alikuwa mlevi na akajua lililo sawa. Mimi nilikuwa mzima, nikapanga mito.

Tena naandika ukweli. Sikumficha Aurica kwa ajili ya karatasi tu. Niliogopa atauliza, kwa nini hukumpiga Desemba? Kwa nini hukumpiga Krismasi? Picha ile ilikuwa ya kuniokoa mimi.

Jumapili, 7 Machi

Barafu inayeyuka, barabara ni uji. Aurica amesema karatasi zimetoka na atakuja na basi la tarehe ishirini na moja. Liuba amepauka. "Nani atamwambia?" Ghenadie akaninyooshea kidole, bila hasira. Nikakubali.

Jumamosi, 20 Machi

Nimefanya mazoezi ya maneno siku nzima. Nimeyasema kwa paka. Yote ni mabaya.

Jumapili, 21 Machi

Kijiji kizima kilikuwa mbele ya kanisa na hakuna aliyekuwa anaongea. Mimi nilisimama mbele kabisa, na maneno yangu tayari.

Mlango wa basi ukafunguka. Wakashuka wawili watatu. Kisha Aurica akashuka, na amevaa nyeusi. Koti jeusi, soksi nyeusi, leso nyeusi imefungwa kidevuni kama wanavyofunga wenye msiba hapa kwetu. Na si nguo za kuazima njiani. Leso ilikuwa imeshapauka kwenye mkunjo.

Nikafungua mdomo. Akaniwekea mkono begani akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa Ghenadie, akamwambia, "Nipeleke." Wakaondoka wawili kwa miguu kuelekea makaburini ndani ya matope yale, na hakuna aliyethubutu kuwafuata.

Valeriu alikuwa anashusha mizigo. Nikamkamata koti. "Nani amemwambia? Wewe?" Akajiapiza kwa watoto wake. "Mama Zina, alipanda hivyohivyo. Siku tatu njiani hakutamka neno."

Jumanne, 23 Machi

Amekuja kwangu asubuhi. Nimemkaribisha chai, hakunywa. Alitoa picha kutoka kwenye mkoba akaiweka mezani. Pembe zake zimelainika kwa kushikwashikwa.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona. Profira amelala juu ya mito, mashavu yana rangi, soksi mkononi. Ni nzuri. Mwanga umeshuka kutoka darini ukafika kila mahali. Umefika kwenye jiko, umefika kwenye stuli ya Ghenadie. Na umefika kwenye ukuta wa kushoto, kwenye pembe ambayo siku ile kwa macho yangu ilikuwa giza. Pale kioo kinaning'inia, na juu ya kioo iko leso yangu ya kijani yenye maua.

Nikaifunika pembe ile kwa kidole gumba.

"Mlidhani nitatazama uso," Aurica akasema. "Uso uliniambia amelala. Nilifurahi, Mama Zina, nakuapia. Labda dakika nzima nilifurahi. Halafu nikaona leso yako."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoitoa kwa msafishaji. Nilisimama barabarani."

"Na ukapiga simu. Ukasema asante!"

"Ningesema nini? Mlikuwa mmejitahidi sana." Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningeweza kuibeba. "Nikajua mnataka nibaki kwa ajili ya karatasi. Nikajiuliza, nikirudi sasa, mama atafufuka? Nikabaki. Lakini nikabaki na msiba usio na mtu wa kunipa pole. Wa kwetu kule, nikikutana nao Alhamisi bustanini, walikuwa wananiambia, mama hajambo? Wote walikuwa wanajua, nilikuwa nawaona machoni. Nami nawajibu, hajambo, asante."

Nikaanza kulia. Akaendelea, anatazama dirishani.

"Kwa bibi ninayemlea, nilifunika kioo cha bafuni kwa taulo. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kina ufa, kitamkata. Siku arobaini yule bibi alichana nywele bila kioo. Ngano nilichemsha kwake, nikala peke yangu jikoni. Nyingine nikawatumia ninyi, nikijua mtaitumia."

"Na siku ile ya simu," nikasema. "Kile kikohozi."

Hapo ndipo alipocheka, na kicheko kilikuwa kibaya kuliko kulia. "Mama Zina, mama hajavuta sigara maisha yake. Nilijua ni wewe. Nikasema, haya, angalau kuna mtu wa kumwambia apumzike."

Nilipiga magoti. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, na magoti yenyewe haya. Nikamwambia yote: betri dirishani, kesho, kesho, mvinyo wa Eugenia, na kwamba Ghenadie alitaka kupiga simu na mimi ndiye niliyemzuia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniinua, wala hakusema amenisamehe. Akauliza tu, "Alisema nini mwishoni?"

"Aliuliza kama nimefika."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi.

Kisha akasema wanaweka msalaba wa mawe baada ya Pasaka na inatakiwa picha ya marehemu ya kuchomwa kwenye kigae. Nikakimbilia makaratasi yangu. Nikamwambia naweza kuichukua hii nzuri, nikate pembeni, kioo kisionekane, kibaki kichwa tu.

"Hapana," akasema. "Nataka ile ya Desemba."

"Aurica, ile ni mbaya! Macho mekundu, mdomo wazi. Ananitukana!"

"Ndiyo. Ile yuko hai."

Akaondoka. Picha nzuri ameiacha mezani kwangu, na sijui kama amesahau au amenipa.

Jumatano, 24 Machi

Nimeitafuta filamu ya Desemba tangu asubuhi, nimeipata ndani ya kopo la kahawa. Nimeinua juu dirishani. Profira yuko pale, mweupe kwa mweusi, mdomo wazi, nyuma yake hakuna kitu.

Kesho naipeleka mjini. Nimepanga kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na sitaingia kwa mtu.

Alhamisi, 25 Machi

Nimeipeleka.